Chungu cha Nyumbani na Chungu cha Mgeni

Katika kata ya Mwamanyili, wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu, liko jambo dogo litendekalo jikoni mara mgeni abishapo hodi uani. Chungu kilichokuwa mekoni huepuliwa upesi, kikafunikwa, kikasukumwa pembeni penye giza. Kisha mtoto mmoja hutumwa akamate kuku, na mwingine hukimbizwa dukani kununua mchele. Ndani ya chungu kilichofichwa hamna kitu kiovu. Mna michembe iliyokwisha kulainika, ama pengine nsansa iliyoungwa kwa karanga; yaani chakula kile kile ambacho watu wa nyumba hiyo hukipenda kuliko vyote, walichokilia tangu utoto, na ambacho mwana wao akiwa safarini hukiota usiku. Kipendwacho ndicho kifichwacho. Je, kuficha huko ni adabu au ni uongo? Na kama ni adabu, ni nani alipaye gharama yake?

Huenda wako watakaosema kuwa swali hili ni dogo mno kwa wanazuoni. Ya kuwa falsafa ina mambo makubwa ya kushughulika nayo, kama vile uhuru, haki na mauti, wala haifai ishuke hata jikoni. Jibu lao limo katika kitabu cha zamani sana. Plato, katika sehemu ya pili ya kitabu chake cha Jamhuri, anamweleza Socrates akijenga mji kwa maneno: mji wa watu wachache, wanaojitosheleza, walao shayiri na ngano. Glaucon akamkatiza, akalalamika kwamba watu hao wanakula bila ya kitoweo. Socrates akakiri kuwa amesahau, akawaongezea chumvi, zeituni, jibini, na mboga za shamba. Glaucon hakuridhika hata kidogo. Aliuona mji huo kuwa mji wa nguruwe, akataka makochi ya karamu na vyakula vya anasa. Socrates akamkubalia, na hapo ndipo mji wenye afya ulipogeuka kuwa mji wenye homa, ukahitaji ardhi ya jirani, na baada ya ardhi ukahitaji askari wa kuitwaa. Basi kitabu kizito kama kile, kihusucho haki, hubadili mkondo wake mahali pa kitoweo. Mtu wa Mwamanyili angeyafahamu malalamiko ya Glaucon papo hapo, maana Wagiriki wale waliugawa mlo sehemu mbili kama yeye augawavyo, ugali upande huu na mboga upande huu. (Na mboga, katika Kiswahili cha bara, si majani peke yake, hata samaki na nyama huitwa mboga, jambo ambalo watu wa pwani hawaachi kulicheka.)

Wilaya ya Busega imepakana na Ziwa Viktoria kwenye Ghuba ya Speke. Ilikuwa sehemu ya Magu, katika mkoa wa Mwanza, hata mwaka 2012 ulipoundwa mkoa mpya wa Simiyu ambao makao yake makuu ni Bariadi. Wenyeji walio wengi ni Wasukuma, watu wa ng'ombe, mtama na pamba. Chungu cha huko, kwa hiyo, hupokea vitu kutoka pande mbili. Ziwani hutoka dagaa, sato na sangara. Nchi kavu hutoa mtama, uwele, mahindi, muhogo, viazi vitamu, karanga, kunde, choroko na maziwa, ambayo aghalabu hunywewa yakiwa yameganda. Lakini mvua za huko si za kutegemewa, na kiangazi ni kirefu. Kila kitu kilichovunwa kwa wingi katika miezi michache hapana budi kingojee miezi mingi. Ndiyo sababu mapishi ya nyumba ya Kisukuma huanza mbali sana na moto.

Viazi vikishachimbwa huachwa kidogo vinyauke, kisha humenywa na kukatwa vipande vyembamba, vikaanikwa juu ya mwamba au juu ya mkeka mpaka viwe vyepesi, vikavu, vyenye kulia vikigongana. Hiyo ndiyo michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, huitwa matobolwa, na hivyo vyaweza kutafunwa vikavu na mchunga ng'ombe aliye mbali na nyumbani. Majani ya kunde nayo hupikwa, hukaushwa, yakawekwa. Yakirudishwa motoni na kuungwa kwa karanga zilizotwangwa, huwa nsansa, mboga nyeusi isiyopendeza machoni hata kidogo na yenye ladha ambayo mtu akiizoea haachi kuitafuta. Michembe haihitaji maarifa mengi jikoni. Hutiwa maji, hufunikwa, huchemshwa polepole hata ilainike na kutoa utamu wake, ikaliwa na karanga au na maziwa ya mgando. Maarifa yote yamekwisha kutumika kabla: kujua kiazi gani kinafaa, kukata unene ulio sawa, kutazama mawingu, kuamka usiku kuanua manyunyu yakianza. Kazi hiyo ni ya wanawake na mabinti, wala haionekani na yule alaye, kwa kuwa ilifanyika miezi mitatu au minne iliyopita.

Sasa na utazamwe utetezi wa kuficha, maana una nguvu. Mgeni, husema watetezi, ametembea njia ndefu. Hakuchagua siku ya njaa au ya shibe ya mwenyeji wake. Kumpa kile ambacho kingeliwa hata asingekuja ni kama kumwambia kuwa kuja kwake hakukuongeza neno. Kuku achinjwapo, siku hubadilika. Watoto hukimbia, moshi huongezeka, jirani hujua. Chakula hicho ni tangazo la heshima zaidi ya kuwa lishe, na tangazo lisilogharimu kitu si tangazo. Tena hakuna adanganywaye. Mgeni mwenyewe anacho chungu cha namna hiyo nyumbani kwake, na akitembelewa hukifunika vivyo hivyo. Wote wawili wajua. Neno ambalo wote wawili wajua kuwa si kweli haliwezi kuitwa uongo, kama vile mtu aulizwaye habari akajibu "nzuri" hali mtoto wake ni mgonjwa: amefuata kanuni ya salamu, wala hakumpotosha mtu.

Marcel Mauss, Mfaransa aliyeandika uchunguzi wake mashuhuri juu ya zawadi mwaka 1925, angeongeza jambo moja: zawadi hufunga. Atoaye kuku humfunga mpokeaji kwa kamba isiyoonekana. Siku moja kuku atarudi. Michembe haifungi mtu. Hakuna akumbukaye deni la michembe. Kwa hiyo kuku hujenga udugu kati ya nyumba na nyumba, na udugu huo, katika nchi isiyo na mvua ya hakika, ndiyo akiba iliyo kubwa kuliko kihenge. Mwenye busara hulisha wageni wakati anacho, ili naye apokewe siku asiyo nacho.

Utetezi huu ni mzuri, lakini umesahau watu fulani waliomo katika nyumba. Kwa desturi ya Wasukuma, wanaume huketi jioni penye shikome, ule moto wa uani, na mgeni hupelekewa chakula huko. Kuku huenda shikome. Mapaja huenda shikome, na firigisi pia. Jikoni hubaki mchuzi, shingo na harufu. Mama na watoto hurudi kwenye chungu kile kilichofichwa, wakala michembe katika giza wakisikia kicheko cha wanaume. Na ule mchele uliokopwa dukani utalipwa kwa karanga zilizokuwa ziuzwe kununulia daftari. Heshima imetolewa kwa jina la baba; aliyeigharimia ni mwingine, naye hakuulizwa. Wahenga waliokuwa na akili walisema kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Methali hiyo yatajwa sana kwa ajili ya jembe lake. Siku mbili za kwanza hazisemwi, wala haisemwi kuwa katika siku hizo mbili kuna mtu ambaye jembe halikumtoka mkononi.

Hata hivyo, si haki kuukata utetezi kwa hoja hiyo peke yake, maana mtu aweza kujibu: basi kuku agawanywe sawa, na desturi ibaki. Hoja iliyo nzito zaidi iko ndani ya moyo wa mwenyeji. Tendo moja la kufunika chungu laweza kuwa na nia mbili. Ya kwanza ni adabu: nataka mgeni wangu apate kilicho bora. Ya pili ni aibu: sitaki mgeni wangu ajue nilivyo. Kwa macho nia hizi hazitofautiani. Lakini ziko njia za kuzipima. Mwenye adabu, mgeni akisema, "Naomba nionje kile kilichomo pembeni," hufurahi na kukifunua. Mwenye aibu hukataa, huapa kuwa hamna kitu, au hukasirika. Adabu yaweza kufunuliwa bila ya maumivu. Aibu ikifunuliwa, mtu hujiona yeye ndiye aliyefunuliwa.

Tofauti hii haikomei katika nyumba moja. Taifa zima laweza kufunika chungu. Sangara, samaki mkubwa aliyeletwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, aliongezeka mno katika miaka ya 1980, akawala furu wa aina nyingi hata wakatoweka. Vikajengwa viwanda Mwanza vya kumchuna minofu, na minofu ikapelekwa Ulaya kwa ndege. Kilichobaki ni kichwa na mifupa yenye nyama kidogo, nacho kikaitwa mapanki, kikakaangwa na kuuzwa kwa bei ya chini. Mwaka 2004 Hubert Sauper, raia wa Austria, alitoa filamu iitwayo Darwin's Nightmare, akawaonyesha watazamaji wa dunia mapanki yaliyoanikwa pamoja na walaji wake. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikemea filamu hiyo hadharani kuwa imeichafulia nchi jina, na yakafuata mabishano makali. Wengine walisema kuwa mapanki ni ushahidi wa unyonge, wengine wakasema kuwa mpiga filamu amesema uongo.

Katika mabishano hayo, sauti ya yule alaye ilisikika kidogo sana. Wako waliokula mapanki kwa kuwa hawakuweza kununua mnofu. Wako waliokula kwa kuwa kichwa cha samaki, kikipikwa vizuri kwa nyanya na kitunguu, kina utamu ambao mnofu hauna, na hili lajulikana na kila mkaaji wa ufukweni. Mambo mawili yalichanganywa. Moja ni haki: nani agawe samaki wa ziwa, na kwa nini aliye karibu apate mifupa? Swali hilo ni la kweli, na halikujibiwa kwa kuikemea filamu. La pili ni aibu: je, kula mapanki ni fedheha? Hilo halikustahili hata kuulizwa. Ikiwa fedheha ipo, ni juu ya ugawaji, si juu ya sufuria ya mama aliyejua kugeuza kichwa kuwa mlo. Lakini mpiga filamu aliifunua sufuria kama mtu afunuaye jeraha, na wakubwa wakaifunika vivyo hivyo, kana kwamba ni jeraha kweli. Pande zote mbili ziliafikiana katika jambo moja, kuwa chakula kile ni kibaya.

Aibu hiyo yatoka wapi? Sehemu yake ni kumbukumbu ya njaa. Michembe na muhogo ni vyakula vya akiba. Huliwa zaidi pale vingine vilipokwisha. Serikali ya Waingereza katika Tanganyika iliwalazimisha wakulima kupanda mihogo na mazao mengine ya kukinga njaa, na amri hizo ziliyatia mazao hayo alama: chakula cha amri, chakula cha shida. Kumpakulia mgeni michembe mwezi wa Januari ni kama kumpeleka achungulie ndani ya kihenge na kuona sakafu yake. Sehemu nyingine ya aibu hiyo ililetwa na shule na mji, ambako wali ulikuwa ni chakula cha sikukuu na cha watu waliofanikiwa. Haisaidii kitu kuitetea michembe kwa kusema kuwa ni chakula cha asili cha mababu, maana kiazi kitamu asili yake ni Amerika, kama ilivyo asili ya muhogo, mahindi, karanga na nyanya. Wenyeji wa kale wa Afrika katika chungu hicho ni mtama, uwele na kunde. Mababu hawakuupokea mlo huu kutoka mbinguni. Walipokea mbegu ngeni mikononi mwa wapita njia, wakazifanyia kazi hata zikawa zao. Ikiwa kuna jambo la kujivunia, ni hiyo kazi.

Kwamba chakula cha shida chaweza kupendwa, laonekana pia mbali na Usukuma. Kusini-magharibi ya Marekani, nchi ya jua kali na miamba ambako mahindi, maharagwe na boga ndiyo msingi wa mapishi ya nyumbani, na ambako pilipili hufungwa mafungu na kutundikwa ukutani zikauke, wanakaa Wanavajo. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwatoa katika nchi yao kwa nguvu, likawatembeza kwa miguu hadi Bosque Redondo, katika jimbo la New Mexico, wakazuiliwa huko mpaka mkataba wa mwaka 1868 ulipowarudisha. Husimuliwa kwamba huko, kwa unga na mafuta ya posho ya serikali, wanawake wao walianza kukaanga mkate ambao leo hupikwa na kila nyanya kwa wajukuu wake na kuuzwa katika kila mkusanyiko. Baadhi ya wazawa wa Marekani huuita mkate huo alama ya kuokoka. Wengine wanaukataa, wakisema kuwa ni mabaki ya kifungo na kwamba mafuta na unga mweupe vimewaletea maradhi. Wala upande wowote haukukosea kabisa.

Kinyume chake ni unga wa njano wa mahindi kutoka ng'ambo, ulioliwa Tanzania katika miaka ya uhaba ya 1970 na 1980. Watu waliuita yanga, kwa rangi ya jezi za klabu maarufu ya Dar es Salaam. Huo nao ulikuwa chakula cha shida, uliokoa watu, lakini hakuna nyumba inayoupika leo kwa mapenzi. Kwa nini mkate ule ulipendwa na ugali huu usipendwe? Haielekei kuwa ni suala la ladha tu. Wanawake wa Kinavajo walipewa vitu vigeni wakavitengenezea umbo lao. Ndani ya mkate mna mkono wa mtu. Yanga ilikuja ikachukua mahali pa kitu kilichokuwapo, ikapikwa kwa njia ile ile, ikaonjwa kila siku kwa kulinganishwa na sembe nyeupe isiyopatikana. Haikupata nafasi ya kuwa kitu kingine ila pengo.

Sasa na uletwe mfano ulio mgumu kuliko wote. Kijana wa Mwamanyili amekwenda kufanya kazi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Kwa miaka minne amekula wali wa mgahawani. Ndani ya basi, tangu Shinyanga, amewaza jambo moja: michembe ya mama yake. Anashuka barabara kuu iendayo Musoma, anafika nyumbani jioni, na mama yake amekwisha kupata habari. Kuku amechinjwa, wali umepikwa, soda imenunuliwa. Kijana anakaa shikome pamoja na baba zake, anapelekewa paja na firigisi. Anakula na kushukuru. Na huku akila anafahamu kwamba amekuwa mgeni kwao.

Afanye nini? Akinyamaza, anakubali kugeuzwa mgeni, na mama yake hatajua kamwe alichokitamani. Akisema, "Mayu, mimi nilitaka michembe," mama aweza kusikia maneno mengine kabisa: kuku wako hakunifaa kitu. Au aweza kumjibu kwa masikitiko, "Baba, wenzako wakikuuliza ulikula nini kwenu, utawaambia michembe?" Maana kwa fikira za mama, wali ni kukiri kuwa mwana amefaulu. Yeye mwenyewe aliuza pamba na kukata viazi ili mtoto huyu asije akala viazi. Kumrudishia michembe ni kana kwamba shule yote ile haikuzaa kitu. Na kijana kwa upande wake anaona kuwa michembe ndiyo uthibitisho kwamba hajapotea.

Hapo zagongana maana mbili za kupenda. Kwa maana ya kwanza, kupenda ni kumpa mtu kilicho bora katika mali yako. Kwa maana ya pili, kupenda ni kumpa kile akipendacho. Watu wengi wa siku hizi, waliosoma hasa, hufanya haraka kuichagua maana ya pili, kwa kuwa inamsikiliza apewaye. Lakini maana ya pili ina hatari yake, nayo ni kuwa humfanya mpishi kuwa mtumishi wa ulimi wa mwingine. Chakula kiitwacho kipenzi cha familia ni kipenzi cha nani katika familia? Wengi wanaosifu chakula cha mama hawajapata kumwuliza mama apenda kula nini. Kijana atamaniye michembe atamani pia, bila ya kujua, kwamba mama na dada zake waendelee kuamka usiku kuanua viazi kwa mawingu, ili ladha ya utoto wake isibadilike. Hamu yake ni ya kweli, tena ni nzuri. Lakini ni hamu ya mtu aliyeondoka, na mzigo wake huchukuliwa na waliobaki. Pengine mama anapika wali kwa sababu amechoka na michembe. Nani amempa kijana haki ya kuudhika kwa hilo?

Na maana ya kwanza nayo ina hatari. Atoaye kilicho bora kwa kipimo cha dunia, bila ya kumtazama amlishaye, aweza kuwa anailisha sifa yake mwenyewe. Kuku yule yule aliyejenga udugu na mgeni humjengea mwana ukuta, kwa kuwa kati ya mama na mwana hapakuwa na haja ya deni. Mauss asingeshangaa: penye zawadi pana watu wawili waliotengana. Mtoto mdogo haandikiwi deni la uji. Ukianza kumhesabia, umemweka nje ya mlango.

Yaelekea, basi, kwamba kosa halimo ndani ya kuku wala ndani ya michembe, bali katika mahali pa kuketi. Michembe haiwezi kuletwa shikome juu ya sinia bila ya kuwa ama dharau ama maonyesho. Yataka iliwe pale ilipo. Wako vijana ambao, bila ya kusoma Plato, wamelitambua jambo hili. Wakishakula kuku pamoja na wazee na kushukuru kama ipasavyo, huinuka taratibu wakaingia jikoni, ambako kwa desturi mwanamume mzima hana kazi, wakaketi juu ya kigoda au juu ya gunzi la kuni karibu na mama yao. Hawaombi kitu. Mama huguna, huwauliza kama wameshiba, huchochea moto. Baada ya kitambo hunyosha mkono pembeni penye giza, akavuta chungu na kukifunua, kana kwamba anakula yeye, na mwana naye hutia mkono. Wazee walio nje hujifanya hawaoni. Aliye mwerevu zaidi hurudi kesho yake asubuhi, akachukua kisu na kumenya viazi pamoja na dada zake, ingawa vipande vyake huwa vinene mno, na vicheko huwa vingi, na vipande hivyo hutengwa upande vikapikwa kwanza kwa kuwa havitakauka.

Siku ya kuondoka, mama humfungia michembe ndani ya mfuko, kilo mbili au tatu, na karanga juu yake. Ni myepesi mzigo huo, nao hauozi njiani. Kule Dar es Salaam, katika chumba cha kupanga, kijana huiloweka jioni na kuibandika juu ya jiko la gesi, na harufu yake hujaa chumba chote. Mlango ukigongwa wakati huo na rafiki wa ofisini, huifunika sufuria, huisukuma nyuma ya ndoo, ndipo husema, "Karibu."